Namna ya Kufunga Spika Sebuleni Ili Mtaa Ukuheshimu

Kabla hujanunua hata msumari, amua spika unamfungia nani. Wataalamu wa sauti hupanga spika kwa ajili ya mtu aliyekaa kwenye kochi. Ushauri huo unawafaa watu wasio na majirani. Wewe unakaa Nzovwe, au Mtwivila, nyumba za tofali za kuchoma zimebanana, na jirani aliyekuona ukishusha kochi kwenye kirikuu bado amesimama dirishani anangoja kuona kilichobaki kwenye gari. Spika ni za huyo. Ukilishika hilo, mengine yote yatanyooka.

Ukiwa Mbeya nenda Mwanjelwa, ukiwa Iringa nenda Miyomboni, na ukifika dukani usiulize habari za sauti. Uliza wati. Sabufa ina mambo matatu ya kukagua: namba iliyochapwa ubavuni mwa boksi, taa zinazocheza, na kimo chake kikipimwa na mtoto wa darasa la tatu. Namba ikianzia 10,000 kwenda juu, lipia. Ila usiigeuze mashine upande wa nyuma. Kule nyuma, pale waya wa umeme unapotokea, kuna kibandiko kidogo kinachosema inatumia volti 220 hadi 240, na chini yake, kwa maandishi ya kuviziwa, wati 60, labda 80. Kibandiko hicho kiliandikwa na mtu asiyekutakia mema.

Maana hebu tujifanye zile wati 12,000 za ubavuni ni za kweli. Kwa umeme wetu wa volti 230, mashine ingevuta ampea zaidi ya 52. Fyuzi ya plagi ya pini tatu ni ya ampea 13, mwisho wake wati 3,000 hivi, kwa hiyo ingeungua kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Na kama ingekubali kwa miujiza, LUKU ingeliwa yuniti 12 kila saa: umewasha kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, saa nne zimekwenda 24, na mama mwenye nyumba anataka kujua nani amepiga pasi usiku. Namba ya ubavuni ni ya mshindo mmoja wa kufumba na kufumbua, ukiongezwa na ukarimu wa mwenye kiwanda. Wanaiita PMPO. Ile ambayo mashine inaweza kuitoa jioni nzima bila kuzimia inaitwa RMS, na ni ndogo kiasi cha kutotajika mbele ya shemeji.

Shemeji pia asiambiwe habari za sikio. Sikio ni bahili. Ukitoka wati 50 ukaenda 100, linakiri kwamba sauti imepanda kidogo. Ili likubali kuwa imekuwa mara mbili, linadai nguvu mara kumi. Duka lolote lenye akili halitakueleza hili, na hata mimi nimelipenyeza tu.

Ukishalipia boksi utabakiwa na nauli. Hiyo ndiyo bajeti ya waya.

Na kwenye waya sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ambayo wengine hawana, kwa sababu waya mzuri ni wa shaba, na shaba inapita mlangoni petu. Kaa Mbalizi au Uyole utazame malori yanayotoka Tunduma. Yamebeba vibamba vya shaba ya Zambia na Kongo vilivyofungwa mikanda ya chuma. Yanakwenda Makambako, yanapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, yanashuka Kitonga kwa gia ndogo hadi bandari ya Dar es Salaam. Reli ya TAZARA nayo, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa ajili hiyo hiyo: Zambia ipitishe shaba yake bila kuwapigia magoti walowezi wa Rhodesia. Mwalimu na Kaunda walikwenda hadi Beijing kutafuta mtu wa kuijenga. Watu walikata milima na kutoboa mahandaki ili shaba ifike baharini. Inafika, inapanda meli, inavuka maji, na siku moja rola la waya wa spika linarudi kutundikwa kwenye duka la Mwanjelwa, ndani yake alumini iliyovishwa ngozi nyembamba ya shaba.

"Kopa hiyo, bosi. Kopa tupu," atakuambia muuzaji, huku akikunja mita kumi kwenye kiwiko.

Mtu mchokozi angeomba wembe, akavua ganda, akachukua unywele mmoja wa waya na kuukwangua. Ukibaki mwekundu hadi ndani ni shaba. Ukiwa mweupe ni alumini, ambayo kwa unene ule ule hupitisha umeme kwa taabu zaidi, na ukiikunja mara mbili tatu pale kwenye ncha inakatika. Wewe una adabu. Umempa pole ya kazi, lipia uondoke.

Unene nao usikunyime usingizi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ukienda mita kumi na kurudi, unaweka ukinzani wa ohmu 0.23 hivi. Ule mwembamba wa milimita 0.5, unaofanana na kamba ya kufungia mboga, unaweka 0.7. Wanaojua husema ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ohmu za spika. Kwa spika ya ohmu 4 ni 0.2. Ukichagua mwembamba, basi, karibu sehemu moja ya saba ya nguvu inaishia njiani ikiupasha ukuta joto. Kwa baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita hiyo si hasara, ni hita.

Waya ukiwa mfupi, unga. Sokota ncha kwa vidole, ng'ata ganda kwa meno, zungushia tepu nyeusi. Zamani fundi alimalizia na kipande cha mfuko wa rambo, lakini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019 kazi imepoteza ule umaliziaji wake.

Sasa rangi. Kila spika ina ncha mbili, nyekundu na nyeusi, na amplifaya vivyo hivyo. Chukulia kwamba ni mapambo. Unganisha kadiri mkono unavyofika. Kitakachotokea ni kwamba spika ya kushoto ikisukuma hewa, ya kulia itakuwa inaivuta, na besi zao zitakutana hewani na kumalizana. Utasikia mwimbaji hana mahali, kama vile anaimba kutoka nyuma ya kisogo chako, na besi uliyoilipia haipo. Kuna namna ya kugundua. Chomoa waya kwenye amplifaya, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha waya mmoja juu na mwingine chini, sekunde moja tu. Spika itagonga "tap" na karatasi yake itaruka. Ikiruka mbele, waya uliogusa chanya ndio wa nyekundu. Ikirudi ndani, umegeuza. Kazi ya dakika mbili, haina gharama, na ndiyo sababu haifai. Mwenye heshima zake anarudi dukani kulalamika kuwa besi haitoshi, anauziwa sabufa kubwa zaidi, na fundi aliyemfungia ya kwanza anamfungia na ya pili.

Betri hizo hizo wazee walikuwa wakizianika juu ya bati ili redio ifike taarifa ya habari. Redio moja, spika moja, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha Tanzania Bara kilikuwa kimoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Hapakuwa na kushoto wala kulia, kwa hiyo hakuna aliyegeuza waya. Jirani akitaka kusikia alikuja na kigoda chake, akaamkia, akakaa. Mambo ya kizamani.

Turudi sebuleni, ambako itabidi ukutane na mwenye mamlaka. Vitabu vinataka spika mbili na msikilizaji watengeneze pembetatu yenye pande sawa, spika ziwe usawa wa masikio, mbali kidogo na ukuta. Pembetatu hiyo haijawahi kuonekana katika sebule yoyote kati ya Igawa na Mafinga. Kona zilishagawiwa. Moja ni ya friji, moja ya kabati la vyombo, moja ina mlango wa kwenda jikoni, na ya nne ina gunia la mchele wa Kyela lililokuja na mgeni wa jana. Spika ya kushoto utaiweka juu ya friji, ya kulia chini, nyuma ya kochi kubwa, na ukiulizwa useme ndivyo zinavyokaa Ulaya.

Sabufa iingie kati ya kabati la vyombo na ukuta. Hapo ni pazuri kwa sababu mbili. Kwanza, kona huikuza besi bila senti ya ziada. Pili, lile kabati lina glasi za wageni zilizopangwa sita sita, hazijatumika tangu kipaimara cha kifungua mimba, na kila besi ikipiga zinaitikia. Baadhi ya watu wasioelewa muziki hutandika kitambaa chini ya glasi ili zinyamaze.

Kitambaa kina kazi nyingine: kufunika sabufa. Kiwe cha kufumwa kwa mkono, kishuke mpaka kwenye matundu ya nyuma ambako joto linatokea. Juu yake weka chombo cha maua ya plastiki. Muziki ukikolea, chombo kitaanza safari. Kitazunguka nusu, kitasogea kidole kimoja, kitapumzika wimbo ukibadilika, kitaendelea. Nyumba zenye sabufa nzuri huwa na watoto waliofunzwa kukidaka.

Jambo moja la sebule ya mita nne kwa mita nne nalieleza kwa makini, litakufaa baadaye. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Chumba cha mita nne ukuta hadi ukuta kina noti yake kinayoipenda, ile ya mitetemo 42 au 43 kwa sekunde, kwa sababu nusu ya wimbi lake inaenea humo kamili. Noti hiyo ikipigwa, aliyeegemea ukuta anahisi moyo umehamia kooni, na aliyekaa katikati ya chumba anauliza kama sabufa imewashwa. Kwa kawaida fundi husimama karibu na ukuta akijaribu mashine, mnunuzi katikati, na hapo ndipo ugomvi wa bei unapoanzia.

Ukipata pesa ya Krismasi, ongeza spika. Usichague: ile ya gari bovu, ile ya redio ya marehemu babu, mbili kutoka kwa kijana wa Mafiati anayehama. Zote zichomeke kwenye tundu moja. Spika mbili za ohmu 8 zikiunganishwa sambamba zinaonekana na amplifaya kama ohmu 4. Nne zinakuwa 2. Amplifaya iliyoandikiwa 4 haitakataa. Itafanya kazi vizuri sana kwa nyimbo tatu, itapata moto, halafu sebule itajaa harufu ambayo kila fundi redio anaijua na huipumua kwa furaha.

Wale ambao nyumba bado iko kwenye lenta wana kishawishi kibaya zaidi, cha kufikiri mapema. Fundi umeme akipita kabla ya lipu atauliza kama kuna mahali unataka spika, alaze mipira mitupu ukutani na kuacha kamba ndani yake ya kuvutia waya siku yoyote. Mwambie bado unatafakari. Akisisitiza, mwambie apitishe waya za spika kwenye mpira mmoja na za umeme, ili kuokoa mpira. Mafundi waangalifu hukataa, kwa sababu ni hatari, na kwa sababu umeme wa mitetemo 50 kwa sekunde hupenda kuingia kwenye waya za sauti zinazolala sambamba nao, hasa zile nyembamba zinazotoka kwenye deki au televisheni kwenda kwenye amplifaya. Wao huzitenganisha walau shibiri moja na nusu, na zikilazimika kukutana huzipitisha kwa msalaba. Usipowafuata utapata mvumo mzito usiokoma, "mmmmm", hata muziki ukisimama. Wageni watadhani ni friji.

Wengi wetu, hata hivyo, tunakumbuka spika nyumba ikishapakwa rangi. Kwa hiyo waya unapita juu ya fremu ya mlango, unashuka kwa misumari iliyokunjwa, unaingia chini ya kapeti pale hasa ambapo mama mkwe huweka kisigino, na unatokea nyuma ya gunia. Panya wa Isanga na panya wa Kihesa hawana tofauti katika hili; wote wanaanzia nyuma ya gunia.

Iringa wana njia ya mkato. Mji ule unatazamwa na jiwe la Gangilonga, ambalo kwa masimulizi ya Wahehe lilimpa Mkwawa habari za ujio wa Wajerumani. Halikuwa na waya hata mmoja. Huenda ndiyo maana vijana wa pale wanaiamini blutuuthi kuliko fundi. Nunua spika isiyo na waya, kisha nunua ekstensheni ya kuipelekea umeme, na usibadili jina ililotoka nalo dukani. Siku una wageni wa kanisa, na kwaya imefika ubeti wa pili, mtoto wa jirani ataunganisha simu yake kupitia dirishani, na wazee wataletewa singeli.

Mvua ikianza, kuanzia Novemba, utagundua kwamba bati ni spika kubwa kuliko zote ulizonazo. Hakuna sabufa ya sebuleni inayoshindana na mvua ya Tukuyu juu ya bati lisilo na dari. Jibu sahihi ni kuzungusha kitufe hadi mwisho. Mashine ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, na makali yale yanaishia kwenye twita, kile kispika kidogo cha juu, ambacho kina waya mwembamba kama unywele. Kitakufa kimyakimya, utajua mwezi wa tatu, utakapoona kwamba waimbaji wote wamepata mafua.

Radi ikilia, acha kila kitu kimechomekwa, pamoja na antena. Watu wa tahadhari huchomoa plagi na antena wingu linapojikusanya tu upande wa Loleza, na waliofunga nyumba vizuri wana ethi iliyozikwa chini, fundi ameimwagia mkaa na chumvi ili udongo upitishe umeme. Lakini fundi redio naye ana watoto wanaosoma, na ada za Januari zinategemea radi za Desemba.

Sasa umefunga, umewasha, na jirani je? Hapa niwe mkweli kidogo, kwa gharama ya mwongozo mzima. Sauti nyembamba hufia ukutani, nzito inapita. Ukiweka kibao cha Rayvanny, kijana wa hapa hapa Mbeya, wewe unasikia maneno, gitaa na vikorombwezo. Jirani upande wa pili wa tofali anasikia "dum, dum, dum", saa tatu mfululizo, bila kujua hata ni Bongo Fleva au kwaya ya Moraviani. Ule ubora uliomnunulia haumfikii. Dawa ni kufungua madirisha, ila Juni na Julai nyuzijoto za usiku zinashuka chini ya 10 na hakuna anayefungua, wewe wala yeye. Kwa hiyo subiri Oktoba, au ongeza sauti.

Ukiongeza, elewa kwamba ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na lipo baraza, NEMC, ambalo kelele ni mojawapo ya kazi zake; kumbi za starehe na nyumba za ibada zimeshaonja. Lakini kwa sebule ya Mtwivila hawaji wenye vipimo kwanza. Anakuja mwenyekiti wa mtaa, saa moja jioni, koti limefungwa mpaka shingoni, ameshapokea malalamiko ya nyumba tatu.

Usizime muziki; utaonekana ulijua. Punguza kidogo, mpokee mlangoni kwa "Kamwene", msindikize kwa shikamoo, mwite mama alete chai ya rangi yenye tangawizi. Kochi la ukutani usimpe hata akilielekea mwenyewe. Vuta kiti kizuri, kiweke katikati kabisa ya sebule, mita mbili kutoka kila ukuta, mkalishe hapo, rudisha sauti pale ilipokuwa, kisha muulize taratibu: "Mzee, hizo kelele wanazosema ziko wapi?"